Mwaka Tata Wairimu Alipofunga Ghala la Baba

Harufu ya gunia la katani lililonyeshewa haifanani na nyingine yoyote. Ina vumbi la mahindi ndani yake, ina kamba, ina kitu kama mkate uliosahauliwa kabatini. Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Karatina kwa shughuli za ofisi, mvua ikatukuta, na mama mmoja muuza vitunguu akavuta gunia kuukuu akafunika mali yake karibu na mahali nilipokuwa nimejibanza. Mwenzangu wa kazini alikuwa akinieleza jambo la maana. Sikusikia hata neno. Miguu yangu ilitaka kuondoka, nami sikujua inataka kwenda wapi, mpaka nilipotambua kwamba inataka kwenda Naro Moru, kwenye lango la ghala ambalo siku hizi ni kanisa.

Baba yangu, Kamau, alikuwa msimamizi wa ghala hilo. Lilikuwa la serikali, nyuma kidogo ya barabara ya Nanyuki. Wakulima wa Kieni walileta mahindi hapo, Baba akauma punje moja kwa meno ya mbele kujua kama imekauka, na serikali ikanunua kwa bei iliyotangazwa kutoka Nairobi. Alirudi jioni akinuka magunia, hata sisi watoto tulijua amefika langoni kabla mbwa hajabweka. Mama alikuwa mwalimu kutoka upande wa Kakamega, aliyeletwa huku na kazi, na Kikuyu hakikumwingia vizuri, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Cha Baba kilikuwa na herufi zilizopotea njiani. Alisema “ghara”, Mama akamsahihisha kwa sura ile ya darasani, akasema tena “ghara”, mpaka mwalimu akachoka na mwanafunzi akaendelea na mambo yake.

Tata Wairimu, yaani shangazi yetu, alikuwa dada yake mdogo. Walizaliwa Endarasha, nyumba moja, lakini yeye alikwenda kusomea uchumi Nairobi, kisha ng'ambo, na aliporudi akaajiriwa katika ofisi ya serikali iliyowashauri mawaziri. Pale kwetu hakuna aliyejua mchumi hufanya nini hasa. Daktari anatibu, mwalimu anafundisha. Jirani yetu mwenye bucha alisema mchumi ni mtu anayelipwa kujua vile kila mtu anajua, lakini kwa Kiingereza. Hata hivyo, siku ya bajeti majirani walijaa sebuleni kwetu kana kwamba redio yetu ingesema ukweli zaidi kuliko zao. Na mimi walinituma. Mwambie tata yako sukari imepanda. Mwambie dizeli. Bibi mmoja aliyeuza maziwa aliniagiza nimwambie kwamba ng'ombe wake amesikia bei mpya na hajafurahi.

Nilimpenda sana yule tata. Alikuja na viatu vizuri, vikaharibika kwenye matope, akacheka. Maswali ya watoto aliyajibu kama ya watu wazima. Siku moja nilimuuliza nani hupanga bei ya mkate. Alichukua sahani ya viazi vya kuchemsha, akavimwaga vyote mbele ya ndugu yangu mdogo, akatuambia sisi wengine tununue kwake kwa chochote tulichokuwa nacho. Haukupita muda mrefu, mmoja alikuwa ametoa kofia yake, mwingine analia, na ndugu yangu amekaa kama chifu. “Sasa mmeelewa,” Tata akasema, akala kiazi kimoja bila kulipa. Nilikuwa darasa la sita, na tangu siku hiyo nilitaka kuwa yeye.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Alifika bila kututumia habari. Mama alimpikia chai, chai ikapoa. Alikaa kitini akainuka, akaenda zizini kumtazama ndama ambaye hakuwa na lolote la ajabu, akarudi, akasimama dirishani. Kisha akamwomba Baba ampeleke kuliona ghala. Baba alishangaa, kwa maana lilikuwa limefungwa mwisho wa wiki, lakini alijisikia vizuri kwamba dada yake wa Nairobi anataka kuona kazi yake. Nilikwenda nao. Tata alipita katikati ya safu za magunia akiyagusa kwa vidole, na aliuliza juu ya watu, si juu ya mahindi. Wapakiaji ni kina nani. Wanatoka wapi. Nani ana watoto. Nani ana mgonjwa nyumbani. Baba alimjibu kwa majina, moja baada ya jingine, kama mtu anayeonyesha picha za familia.

Tuliporudi Mama alipakua mukimo. Tata alichezea chakula.

“Kamau, hii kazi ukiiacha, unaweza kufanya nini?”

“Niiache ya nini?”

“Nauliza tu. Shamba ya Endarasha iko tu hapo. Ungeanza hata mwaka huu, mvua ikija.”

“Ati nilime viazi na niko na kazi ya serikali?” Baba alicheka. “Nairobi imekuchosha, Wairimu. Kula.”

Hakula. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatazama sahani. Kabla ya jua kushuka Tata aliaga. Alimkumbatia Baba kwa muda mrefu hata Baba akamuuliza kama anasafiri tena ng'ambo. Akasema hapana, akaingia garini, akashindwa kuliwasha mara ya kwanza.

Mvua ilikuwa haijaanza bado redio ilipotangaza. Ilikuwa habari za jioni, na Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akipaka viatu rangi kwa ajili ya kesho. Waziri alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba maghala madogo ya nafaka yatafungwa, na kwamba kuanzia msimu ule wafanyabiashara binafsi ndio watakaonunua mahindi. Akataja sehemu. Naro Moru ilikuwa katikati, wala hakuikazia sauti. Baba alizima redio kabla ya habari za hali ya hewa, ambazo hakuwahi kuzikosa. Brashi ilikuwa bado ndani ya kiatu.

“Alikuwa anajua,” akamwambia Mama.

Sijui niwaelezeeje miezi iliyofuata. Nyumba yetu haikutulia. Baba aliamka saa ile ile, akavaa, akaenda kusimama kwenye lango lenye kufuli pamoja na wapakiaji wake, kisha akarudi na kuanza kutengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Alibadilisha bawaba za milango. Alihamisha banda la kuku, akalirudisha. Mama akitoka shuleni alikuta meza imekwenda upande mwingine wa sebule, akaizunguka. Sisi watoto tulijifunza kutokaa mahali pamoja, kwa sababu ungekaa tu, ungeambiwa uinuke kiti kinatengenezwa. Na wale walionituma kwa Tata sasa walinipita barabarani. Msichana mmoja shuleni aliniuliza kwa nini tata yangu anachukia mahindi. Aliuliza kwa dhati, akingoja jibu.

Wafanyabiashara walikuja kweli. Walikuja na malori na mizani zao wenyewe, na bei yao wenyewe. Mkulima aliyekataa alirudi na mahindi yake nyumbani, akayatazama yakiingiwa na wadudu, na wiki iliyofuata akakubali bei ya chini zaidi.

Wakulima waliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa na kutaka mtu atoke Nairobi awaeleze. Baadaye sana nilisikia kwamba ofisini kwao hakuna aliyetaka kuja, na Tata akasema atakuja yeye. Wakati ule niliona tu akiingia, amevaa koti jeusi, akipita katikati ya watu waliomfahamu bila mtu kumsalimu. Alisimama mbele akaeleza. Maghala yalikuwa yakila pesa za watu wengi ambao hawajawahi kuuza hata gunia. Wakulima walikuwa wakilipwa wakiwa wamechelewa, wengine hawalipwi kabisa. Hayo yalikuwa kweli. Hata mwenye bucha aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka amekasirika.

Ndipo Baba akainuka kutoka nyuma.

“Mimi sina swali ya mahindi,” akasema. “Ile siku ulikuja kwangu, tukakupikia. Ulikuwa unajua?”

Tata angeweza kusema mengi. Alikuwa amezoea kuongea mbele ya mawaziri.

“Nilikuwa najua.”

“Na ukanyamaza.”

“Nilikula kiapo, Kamau. Na ningekuambia wewe peke yako, hawa wengine ningewaambia nini? Kwamba wao hawana dada Nairobi?”

Mtu aliguna, mwingine akaguna, na nilipogeuka niliona walikuwa wapakiaji wa Baba, watu aliowataja kwa majina yao mbele ya magunia. Walikuwa wanakubaliana na Tata. Naamini hilo lilimuumiza Baba kuliko ghala. Alichukua kofia yake akatoka. Nilimkimbilia, na tulitembea mpaka mtoni, tukageuka, tukatembea tena mpaka mtoni, yeye mbele mimi nyuma, mpaka Mama akatufuata na koti langu.

Aliishia kulima viazi Endarasha, katika shamba la Cucu, mama yao. Msimu wa kwanza jalidi iliyachoma majani yakawa meusi asubuhi moja. Msimu uliofuata ulikuwa afadhali. Aliposhika mkondo alikuwa amezeeka kidogo na mikono imebadilika. Tata naye alizidi kupanda. Alikuwa mshauri mkuu, kisha akawekwa katika uongozi wa benki ya serikali, kisha akaenda ng'ambo kwa wale wanaokopesha nchi nzima. Picha yake ilitoka gazetini. Baba aliufungua ukurasa huo, akautazama, akaufunua mwingine. Hakulichana gazeti wala hakulifungia nyama, jambo ambalo Mama aliliona kuwa dalili njema. Lakini Tata akija kumwona Cucu, Baba alikuwa na safari ya Nyeri.

Nilikuwa chuoni, nikisomea uchumi na Baba akiniita “wewe pia”, Tata alipostaafu akarudi nchini. Alifika Endarasha wakati wa mavuno bila kutangulia kusema, kama alivyofanya ile Jumamosi. Alimkuta Baba akibishana na dalali aliyetaka gunia lijazwe mpaka liote shingo, kilima cha viazi juu ya mdomo wa gunia, kwa bei ya gunia moja. Tata alivua saa akaiweka mfukoni, akaingia katika ubishi ule kwa Kikuyu cha utotoni mwao, Kikuyu ambacho sikujua bado anacho. Dalali alipunguza shingo.

Dalali alipoondoka, wakabaki wamekaa juu ya lundo la viazi, ndugu wawili wenye mvi.

“Tulidhani wanunuzi wakikuwa wengi watashindana, bei ipande,” Tata akasema. “Tulidhani ni msimu moja tu wa taabu. Hatukuuliza kama barabara iko, ama kama mkulima ako na mahali pa kuweka mahindi akingoja bei. Kufunga haikuwa makosa. Kufunga haraka vile, na hakuna kitu kingine tumeweka, hiyo ni makosa, na mkono yangu iko ndani.”

“Hiyo ungesema kwa ule mkutano.”

“Wakati huo sikuwa nimeijua.”

Baba alisugua kiazi mpaka udongo ukaisha. “Basi ulisema ile ulikuwa unajua,” akasema. Akamwambia ashike mdomo wa gunia. Siku hizi humpigia simu kila mavuno, kusudi wagombane juu ya bei, na Mama huzima jiko akangoja, maana hawamalizi upesi.

Mimi nafanya kazi Nyeri mjini, kwa serikali ya kaunti. Kati ya kazi zangu ni kupendekeza ni nini kibaki na ni nini kiunganishwe, neno ambalo tunalitumia tusipotaka kusema kufungwa. Mwaka huu ilikuwa zamu ya vituo vidogo vya kupozea maziwa. Kimoja kiko Mweiga, na binamu yangu Nyambura ndiye karani wake. Nilikuwa nimekwisha kuandika maoni yangu kwamba kiunganishwe kabla sijamkumbuka, na nilipomkumbuka niliyasoma upya nikaona bado ni sahihi. Sikulala vizuri. Nikampigia Tata simu, nikamuuliza kama nimwambie.

“Usimwambie,” akasema. “Lakini siku itatangazwa, ufike kwake kabla ya redio. Hiyo niliweza, na sikufanya. Niliogopa uso wa baba yako.”

Nilipokuwa mtoto nilidhani Baba alikasirika kwa sababu alifichwa. Ilinibidi nifike umri huu ndipo nielewe kwamba angeweza kusamehe kufichwa. Viapo alivielewa, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa serikali. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba alipata habari ile redioni, na kiatu mkononi, kutoka kwa mtu asiyemjua, ilhali mtu aliyemjua alikuwa na gari.

Kwa hiyo siku ya tangazo nilikwenda Mweiga alfajiri, ukungu ukiwa bado chini. Nyambura alifungua mlango amejifunga leso, akatabasamu, kisha akaona uso wangu. Nilimwambia yote pale pale, na kwamba mkono wangu ulikuwamo. Hakunikaribisha ndani. Aliuliza maswali machache, nikajibu niliyoweza. Ndani ya nyumba mtu aliwasha redio. Tulisimama pande mbili za kizingiti tukisikiliza, na ingawa kila kitu mwilini mwangu kilitaka kurudi garini, nilibaki.