Maji ya Eliza

Nilipokuwa mtoto, hapa Neasden, London, nilimwonea wivu msichana aliyekwisha kufa. Aliitwa Eliza. Alizikwa zamani mno kwenye uwanja wa kanisa karibu na kwetu, akiwa na miaka tisa kama mimi, na alikuwa ameninyang'anya mama.

Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, zamu juu ya zamu, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Kisha kanisa likaanzisha mafunzo ya kutunza makaburi ya kale. Mama, binti wa mwashi wa Muheza, akajiandikisha papo hapo. Kila mwanafunzi alipewa jiwe lake. Yeye akapewa la Eliza.

Nilikaa kwenye benchi na pakiti ya krispi, nikitazama. Maji matupu, bila sabuni. Brashi laini, kuanzia chini kwenda juu, ili uchafu usiache michirizi. Kuvu iliyong'ang'ania aliibandua kwa kijiti, polepole, pumzi ameibana. Nywele zangu mimi alizichana huku akitafuta funguo! Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi nilikuwa nazo tele.

"Mum, are you done?"

"Bado, mwanangu. Huyu malaika wake wa kuchongwa masikio hayajatakata."

Jumamosi moja wakafundishwa kuziba viungo kwa chokaa. Saruji ni ngumu mno, mwalimu alisema. Ukiitumia, litakalopasuka ni jiwe. Mama akajaza chokaa pale jiwe linapokutana na kitako chake, akaifunika kwa gunia bichi ili isikauke haraka, akachomekea pembe moja moja. Roho iliniuma. Mimi usiku nilikuwa najifunika mwenyewe.

Bibi, kwenye simu kutoka Muheza, alikuwa amenionya. "Usilinyooshee kaburi kidole, mjukuu wangu, kitaoza. Ukijisahau, king'ate hapo hapo."

"Mama nawe! London hii?" mama alicheka.

"Kwani huko hawafi?"

Basi mama alipokwenda kusuuza ndoo, nililifunua gunia nikamnyooshea Eliza kidole, makusudi kabisa. "She's my mum," nikamwambia. Nilikisogeza karibu mno kikazama kwenye chokaa mbichi. Sikuking'ata. Niliona kuking'ata ni kumwomba radhi.

Kesho yake, katikati ya ibada, kidole kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, kikipwita kwa maumivu. Nilikificha kwapani nikangoja kianze kuoza. Tulipotoka, mama akapitia kwa Eliza na dumu la maji aliyoyabeba kutoka nyumbani, kwa sababu bomba la pale hufungwa Jumapili na gunia lilipaswa kuloweshwa. Mbele ya jiwe lile nikashindwa kujizuia, nikalia.

Mama alikitazama kidole. Chokaa ilikuwa imeganda chini ya kucha, mahali ambapo ngozi ilikuwa imechanika.

"Chokaa hii, mama. Imekuchoma."

"No! Ni Eliza. Bibi alisema."

Alifungua dumu akaanza kunimwagia, taratibu, akiitoa chokaa kwa ncha ya kanga yake, pumzi ameibana vilevile. Maji yakaisha yote kidoleni kwangu.

"Bibi alisema ukifanyeje?"

"Niking'ate. Lakini kinauma."

"Basi lete."

Akakitia kinywani mwake, yeye aliyekuwa akimcheka Bibi, akaking'ata kidogo tu. Kisha akanibeba hadi nyumbani, mimi mtoto wa miaka tisa mwenye miguu mirefu, na dumu tupu likining'inia mkononi mwake. Gunia halikuloweshwa, na jua la siku ile lilikuwa kali. Chokaa ilikauka upesi, ikapasuka.

Sasa mama amerudi Muheza, na Jumamosi niko pale mimi, na brashi na ndoo. Kuhusu kidole, sijui nimsadiki nani, chokaa au Bibi. Nikipita makaburini mikono huwa mfukoni. Wivu nao haujaisha wote. Bado nasema moyoni, Eliza, wewe uliogeshwa kuliko mimi.

Ila pale chini ya jiwe lake pana ufa mwembamba. Mwalimu amekwisha kuniambia niuzibe. Nimeziba viungo vyote vya safu ile, vya jirani zake kulia na kushoto. Ule siugusi.