Nilivyomkata marehemu baba kwenye picha ya bandari ya Kigoma

Wakuu, salamu kutoka Yoba, hapa Gitega. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi wa fremu za picha. Kwetu ni kifungua mimba, nina wadogo watatu. Shule niliachia darasa la sita, tukiwa bado kambi ya wakimbizi Tanzania, maana wazazi walishafariki na wa kutafuta chakula nikawa mimi. Sijutii. Wote watatu wamesoma.

Baba alikuwa mpakiaji mizigo bandari ya Kigoma. Alifariki kitinda mimba wetu, Esperansi, akiwa bado tumboni. Picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba yetu kambini.

Kwa hiyo huyu dada amekua hajui sura ya baba yake. Akiniuliza namwambia "alikuwa mrefu kidogo", basi.

Mwezi uliopita Mzee Rashidi, muuza mchele wa Muyinga aliyezaliwa Kigoma, akaniletea picha kumi na mbili za zamani za kule, niziwekee fremu.

Wakuu, picha tamu! Meli inashusha abiria. Akina mama wameanika dagaa mchangani. Watoto wanajirusha majini kutoka gatini. Nilizitazama mpaka chai ikapoa, macho yakiwa katikati tu.

Moja ilizidi saizi ya fremu. Sisi mafundi tunakata picha ikiwa imelala kifudifudi, wembe usiikwaruze. Nikapima, nikakata kipande cha vidole viwili pembeni.

Sikugeuza kuangalia nakata nini.

Jioni Esperansi akafagia, akakiokota. Akakitazama sana.

"Kaka, wewe ulipigwa lini picha na gunia kichwani?"

Nikakipokea, nikakisogeza kwenye taa. Alikuwa baba. Anacheka.

Dada alilia kwanza. Halafu akaanza kunicheka, eti watoto watukutu amewaona wengi, lakini wa kumkata baba yake kwa wembe ni mimi wa kwanza.

Sasa shida. Picha ni mali ya mteja, na nimeiharibu. Tukajaribu kukipiga picha kwa simu ili tubaki na nakala, uso mdogo kama punje ya maharage, ukatoka ukungu tupu. Wadogo zangu wengine wakashauri ninyamaze, mzee hatajua. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, sifichi.

Siku ya tatu nikapanda gari kwenda Muyinga na Esperansi, kipande kikiwa ndani ya daftari. Njia nzima alilikumbatia daftari kama mtoto mchanga.

Nilikiri kabla mzee hajafungua mzigo wa picha zake. Akavaa miwani, akakilinganisha na picha, kikakaa sawasawa.

"We fundi, uko unakata watu bila kuangalia?"

Nikamwambia aliyekatwa ni nani. Akatazama kipande, akamtazama Esperansi, akarudi kwenye kipande.

Kisha akamwekea Esperansi kipande mkononi.

"Mi niko na bandari yote. We mama, beba mtu wako."

Funzo nililopata: geuza kabla ya kukata. Na ukikosea, lipeleke kosa mwenyewe likiwa bado bichi.

Wenye picha za zamani za bandari, iwe Kigoma, Bujumbura au Rumonge, zitupieni humu tuzione. Tafadhali msizipunguze pembeni. Pale pembeni huenda amesimama baba wa mtu.