Kilo Tisini za Halidi

Kazi ya Halidi ilikuwa kupima mizigo ya watu, na kwa miaka kumi na tisa aliifanya bila kumwonea mtu wala kumwogopa mtu. Lori lilipanda kwenye mizani ya barabara kuu, upande wa mashariki wa Morogoro, naye ndani ya kibanda cha vioo akasoma namba, akaandika namba, basi. Madereva walimwita Mzee Namba. Hawakumpenda, na tusiwalaumu sana. Nani ampende mtu asiyedanganyika? Wakiwa na shida walimwamkia kwa heshima zote, shida ikiisha walimwachia vumbi.

Yeye mwenyewe alikuwa pande la mtu. Waendesha bodaboda wakimwona anakuja walikuwa wanaangaliana, kisha mmoja anajitolea kwa sauti ya huruma: "Mzee wangu, nakubeba, ila wewe ni abiria wawili." Halidi alikuwa akicheka pamoja nao. Kucheka na wanaokucheka ni ujanja wa zamani wa watu wanene, lakini unataka uwe na mtu nyumbani wa kukupoza ukirudi.

Zamani alikuwa naye. Mkewe, Mwaisha, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Daktari alipomwambia Halidi kwamba sukari imepanda na kwamba asipoutikisa mwili atakuja kujuta, ni Mwaisha aliyekwenda kwenye mitumba akarudi anasukuma baiskeli ya resi, nyekundu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. "Panda," alimwambia. "Siku utakayofika kwetu mlimani kwa hii, ndiyo nitajua nimeolewa." Kwao Mwaisha kulikuwa juu ya Mlali, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini, unapita Mzumbe, unaendelea mpaka lami inakuaga, kisha unaanza kupanda. Halidi alijaribu mara mbili, na mara zote mbili spoku za gurudumu la nyuma zilikatika hata Mzumbe hajaiona. Akaahirisha. Mwaisha hakungoja. Homa ya siku nne ilimchukua, yeye asiye na sukari wala presha.

Waluguru humrudisha mtu kwa mama yake. Mwaisha alizikwa kule juu kwenye ardhi ya ukoo wake, na kwa kuwa shamba la mama huenda kwa binti, mtoto wao wa pekee, Zuhura, mwenye miaka ishirini, alipanda mlimani kukaa na wajomba zake na kulilima. Hakuna aliyemfukuza Halidi. Hakuna aliyemwambia abaki pia. Baada ya arobaini, shemeji yake Twalibu alimpa mkono akamwambia, "Shemeji, hapa ni kwako, karibu wakati wowote." Mtu akishaambiwa karibu wakati wowote, ajue ameshakuwa mgeni.

Akabaki na nyumba ya vyumba vitatu, na kitanda. Kitanda kile kilikuwa kimeinamia upande wake miaka yote ya ndoa, tendegu limechoka kumbeba. Halidi alikionea haya, sasa ambapo hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Akatafuta tofali, akalitia chini ya tendegu, kitanda kikakaa sawa. Akalala upande wake, na upande wa pili ukabaki tambarare, shuka halijakunjika hata asubuhi.

Hitima ya mwaka ilipokaribia, Zuhura alimpigia simu kumwambia wataisoma Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Utakuja, baba?"

"Nitakuja na baiskeli ya mama yako."

Sauti ya Zuhura ilichangamka. "Kweli? Basi nitakungoja njia panda."

Sauti hiyo Halidi hakuwa ameisikia tangu msiba. Kwa ajili yake angepanda mlima kwa magoti. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja duniani, na mtu huyo ameahidi kusimama njia panda kumngoja yeye. Kesho yake akaipeleka baiskeli kwa fundi Fidelis.

Fidelis alikuwa na kibanda karibu na soko, na sifa yake ilikuwa magurudumu. Alikuwa akiyafunga kwa mkono, spoku moja moja, kisha anazigusa kwa ukucha na kutega sikio, akisikia iliyolegea anaikaza. Alilizungusha gurudumu la nyuma la Halidi, likacheza kama mlevi.

"Mzee, hapa kuna spoku ishirini tu," alisema. "Hii ni ya kijana wa mashindano, kijana mkavu. Sasa nina ringi mbili. Hii ya spoku ishirini na nane, nyepesi, ina sura nzuri, mtu wa kilo tisini inambeba. Na ile pale, spoku thelathini na sita, ina kuta mbili, haina urembo wowote, ila ile ni punda. Wewe una kilo ngapi?"

Kibandani walikuwepo watu watatu wakisubiri tyubu zao zizibwe. Wote watatu waligeuza shingo.

"Tisini," alisema Halidi.

Fidelis alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Lakini mtu mzima akisema tisini mbele za watu, mdogo wake amjibu nini? Amvue nguo? Fidelis alikuwa amelelewa. "Tisini," akaitikia kwa upole, akainua mkono kuichukua ile yenye sura nzuri.

Wanasema mganga hajigangi. Huyu alikuwa ni mtu ambaye madereva wa nchi nzima walishindwa kumfanya apunguze hata gunia moja, na sasa amejipunguzia mwenyewe kwa neno moja, kwa sababu tu watu watatu wasiojua hata jina lake walimtazama tumbo.

Jumamosi aliondoka mara baada ya sala ya alfajiri, kanzu ameikunja akaifunga mgongoni. Mpaka Mzumbe alikwenda kama bwana harusi. Lami ilipokwisha alipunguza mwendo, akakwepa mashimo, akamsalimu kila mtu. Alianza kusikia mlio chini yake kwenye kilima cha kwanza, mlio mdogo wa chuma kinacholalamika. Akajifanya hausikii. Spoku ya kwanza ilikatika, halafu ya pili, na ya tatu ilipokatika ringi ilijikunja ikakwama kwenye fremu. Ilikuwa saa tatu, na zimebaki kilomita nane, zote za kupanda.

Alimpigia Zuhura simu, haikupatikana. Kule mtandao unakuja ukipenda. Kumpigia Twalibu aliona haya. Pikipiki moja ilisimama, kijana akamwangalia yeye, akaiangalia na baiskeli, akasema, "Ngoja nikamlete mwenzangu, mzee," akaenda zake moja kwa moja. Halidi aliibeba baiskeli begani akatembea. Kila baada ya hatua mia alikuwa anaiweka chini, anapumua, anaangalia saa. Saa nne ilimkuta njiani. Saa sita pia.

Njia panda alifika saa nane, hapakuwa na mtu. Nyumbani mikeka ilikuwa imeshakunjwa, sufuria zimeoshwa zimepinduliwa juani. "Tulikungoja, shemeji," alisema Twalibu, "ila mashehe walikuwa na safari." Zuhura alimletea pilau iliyofunikwa sahani, akaiweka mbele yake, wala hakukaa.

"Nilisimama pale mpaka wakaniita mara tatu," alisema. "Nimeisikia dua ya mama yangu nikiwa mlangoni."

Hapo ndipo pa kusema kweli. Halidi alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa kingine.

"Fundi ameniponza, mwanangu. Amenipa ringi mbovu."

Zuhura alitikisa kichwa tu, akaingia ndani. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Halidi ilikuwa imekwisha kilomita nane kabla ya kaburi la mkewe, lakini bado alikuwa anaiongeza.

Miezi mitatu ikapita. Akipiga simu, Zuhura aliitikia "salama" na "namshukuru Mungu", kisha alikuwa na maji jikoni yanachemka. Yale maji yalichemka miezi mitatu. Baiskeli iliegemea ukutani sebuleni na gurudumu lake lililojikunja, na Halidi alikula akiitazama. Alikula sana. Kuna njaa ambayo haiko tumboni, lakini mtu hana pengine pa kuipelekea chakula.

Siku moja ya kazi alikuja dereva wa mbao, mtu mzima wa makamo yake, akaapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba hajazidisha. Namba zikasema amezidisha, na kilo nyingi ziko kwenye ekseli ya nyuma. Dereva aliona hakuna ujanja, akacheka kwa aibu. "Mzee, kila mtu anapunguza kidogo," alisema. "Unaogopa macho ya watu, unasahau tairi inayobeba."

Halidi hakucheka. Lori lilipoondoka alitoka kibandani, akaenda akasimama peke yake katikati ya mizani, mikono pembeni, kisha akageuka kusoma namba kupitia kioo. Sifuri. Mizani ile imetengenezwa kwa malori. Chochote cha chini ya kilo mia mbili haikihesabu. Akasimama pale kidogo, mtu mzima amepimwa ameonekana hayupo, mpaka lori lingine likampigia honi.

Jioni hiyo alikwenda kwa Fidelis na gurudumu mkononi. Kibandani kulikuwa na watu, na safari hii alingoja wamtazame vizuri.

"Fundi, nilikuongopea. Mimi si mtu wa tisini."

Fidelis aliinamisha uso. "Nilijua, mzee. Nami nimekosa. Niliogopa kukuvunjia heshima, nikakuvunjia safari."

"Kwa kweli sijui nina ngapi," alisema Halidi. "Sijajipima tangu mke wangu afariki."

Wakavuka barabara mpaka kwenye ghala la mpunga la Dharmesh. Dharmesh alikuwa mfanyabiashara asiye na maswali. Alisogeza gunia, akampisha, Halidi akapanda kwenye mizani ya magunia. Mshale ulikwenda, ukaendelea kwenda, ukatulia. "Mia moja ishirini na saba," alisoma Dharmesh, kwa sauti ileile aliyosomea mpunga. Hakuna aliyecheka. Halidi alishuka akijiona mwepesi kuliko alivyopanda.

Fidelis alilifunga gurudumu mbele yake. Aliitoa ile ringi isiyo na urembo, akapitisha spoku thelathini na sita zikikatizana, akaeleza huku anakaza: mzigo mkubwa wa mpandaji uko nyuma, kwa hiyo nyuma ndiko pa kuogopa. "Ekseli ya nyuma," alisema Halidi, na kwa mara ya kwanza kazi yake ya miaka kumi na tisa ilimsaidia yeye mwenyewe. Fidelis alizibana spoku mbilimbili kwa viganja ili zikae mahali pake, akazigusa kwa ukucha mpaka zote zikalia sauti moja. Juu yake akavalisha tairi nene kadiri fremu ilivyokubali. "Sasa nenda," alisema. "Hii haikuombi upungue."

Jumamosi hiyo hapakuwa na hitima wala mwaliko. Halidi alikwenda hivyohivyo. Lami ilikwisha, kilima kikaanza, akatega sikio chini asikie kile chuma kinacholalamika. Kimya. Alishuka kusukuma kwenye miinuko mikali, akapanda tena. Saa nne na nusu alipita njia panda, tupu kama siku ile, na dakika chache baadaye alimkuta Zuhura shambani anang'oa karoti.

"Shikamoo, baba." Alisimama na udongo mikononi, akaitazama baiskeli. "Umeipanda mpaka hapa?"

"Marahaba. Nimeipanda." Halidi hakutaka kupumzika kwanza, maana angepumzika asingesema. "Zuhura, fundi hakuniponza. Aliniuliza kilo zangu, nikamwambia tisini."

"Tisini?"

"Tisini."

"Baba! Tisini ni mguu mmoja!"

Kikatoka kicheko. Kilikuwa kikubwa kuliko kifua chake, kikapanda mpaka kwenye migomba, na Halidi akashika usukani kwa mikono miwili kwa sababu kilikuwa cha Mwaisha hasa. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini juu ya majani ya karoti, na alipokaa akaanza kulia, na baba yake akalia amesimama.

"Mimi nikadhani hukutaka kuja," alisema Zuhura. "Mbona uone haya? Mama alikuwa akijisifia wewe hukuhuku."

"Alijisifia nini kwangu?"

"Kitanda." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Alikuwa akiwaambia mama wadogo, mimi na mume wangu hatuwezi kununiana mpaka asubuhi. Nageukia ukutani nimekasirika, kitanda kinainama, kinanirudisha kwake."

Walikwenda pamoja kaburini, Halidi akasoma Yasini aliyoikosa. Alikula ugali na Twalibu, wakazungumza mambo ya mvua. Zuhura alimsindikiza mpaka njia panda, akamwambia, "Jumamosi nyingine nitakungoja hapa." Halidi akashuka mlima. Magurudumu hayakutoa sauti yoyote mpaka nyumbani, akafika jua bado liko juu ya paa.

Aliiegemeza baiskeli sebuleni, akaingia chumbani na kanzu yake ya vumbi. Akapiga magoti, akainua kitanda kwa bega, akalitoa tofali. Kitanda kikainama upande wake kama zamani. Akalala ubavu, uso ameuelekeza ukutani, akanyoosha mkono juu ya shuka upande wa Mwaisha, akangoja.