Chai Ambayo Mama Hakuiacha Ichachuke

Mama mdogo wangu, anayeuza nguo Sirari, ndiye aliyeuleta ule uyoga wa kuchachulia chai nyumbani kwetu Nyanungu. Alifungua kopo la plastiki, tukaona utando mweupe, mnene, unaoteleza. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, kidole gumba kimefungwa kitambaa kwa sababu ya kidonda kilichokataa kufunga tangu wakati wa palizi.

"Unachemsha chai ya rangi, unatia sukari, ikipoa unauzamisha huu," mama mdogo alieleza. "Unaiacha ichachuke. Wenzetu ng'ambo wanakunywa, na sukari inashuka kabisa."

"Nitie sukari ili sukari ishuke?" Mama akacheka. "Nyie watu wa mpakani mtatumaliza."

"Cheka tu. Wagonjwa wenzako niliowagawia hawacheki. Muulize msomi wako."

Wakanigeukia. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya lishe, na nilijibu kama nilivyofundishwa. Sukari ile ni chakula cha chachu, nikasema. Kadiri chai inavyokaa ndivyo utamu unavyoliwa na ukali unavyoongezeka. Zipo tafiti ndogo, za watu wachache, zinazodokeza kwamba huenda ikapunguza kidogo sukari ya damu. Hakuna hata moja inayomruhusu mgonjwa kuacha dawa.

"Umesikia?" mama mdogo akasema. "Hata chuo kinakubali."

Nilirudia habari ya dawa, lakini Mama alikwisha kulipokea lile kopo kwa mikono miwili. Nilielewa kwa nini. Tangu zahanati ilipomwambia kwamba ana kisukari, alikuwa mwanamke anayeziba kikombe kwa kiganja kila nyumba aliyotembelea. Kwetu anayekataa chai huulizwa ana ugomvi gani na mwenye nyumba, naye alichoka kujieleza. Sasa alikuwa amepata kikombe cha kwake.

Niliondoka kwenda Ringwani, nilikopata kazi ya kuwafundisha akina mama lishe ya watoto. Niliporudi kumtembelea, nilimkuta amechangamka, lakini midomo imemkauka na kila mara anainuka kwenda chooni. Kidonda kilikuwa kimepanda hadi kwenye unyayo, nacho kilinuka. Vidonge vyake vya kisukari vilikuwa palepale nilipoviacha. Nilitoa mashine ya kupimia sukari, nikamchoma kidole cha mkono. Haikuonyesha namba, iliandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake.

Nikaiendea chupa ya ile chai, iliyofunikwa kitambaa kisafi, nikaonja. Ilikuwa chai ya sukari, tamu kama ya harusi.

"Mama, hii imekaa muda gani?"

"Inalala tu. Kesho yake nainywa."

"Mbona huiachi ichachuke?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mura, mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya pombe. Mama yangu alikuwa akinituma niweke sikio kwenye chungu, nimwambie kama imeanza kunong'ona. Najua povu linampeleka mtu wapi. Baba yako limemmaliza. Nimeokoka, niliahidi mbele ya kanisa zima. Hii nayo ikianza kunong'ona tu, nainywa upesi isije ikawa pombe."

Nilikaa chini. Alikuwa akiinywa sukari yote kabla chachu haijaigusa, kikombe baada ya kikombe, kwa dhamiri safi kuliko yangu. Wala sikuweza kumwambia aiache ikolee, kwa maana chai hiyo ikichachuka huwa na kileo kidogo, na kumficha hilo ingekuwa kumwibia ahadi yake. Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo tamu inaniua, na kali inanitoa kanisani."

"Hata hiyo kali si dawa, Mama."

"Na vidonge vitaniponya?"

"Haviponyi. Vinaizuia sukari isipande."

"Mama yako mdogo aliniambia nitapona," alisema, taratibu, bila kunilaumu.

Nilikuwa nimeamini kwamba ukweli ukisemwa kwa heshima humpa mtu nguvu. Mama alionekana amezeeka mbele yangu.

Asubuhi nilimpeleka zahanati. Mganga alifungua kidonda, akasema twende hospitali mjini Tarime siku hiyohiyo. Hakuwa na uhakika kama kidole kingeokolewa, lakini mguu ulikuwa bado na nafasi. Tukakaa kwenye benchi kusubiri gari.

"Mama yako mdogo asijue kwamba ni chai," Mama alisema. "Atajilaumu mpaka afe. Mwambie ni kidonda tu."

"Siwezi kumdanganya."

"Sijakwambia udanganye. Nimekwambia unyamaze. Hilo hamkufundishwa?"

Nilikuwa nikiwafikiria wagonjwa wengine aliowagawia mama mdogo vipande vya uyoga ule, kwa upendo uleule, na maelekezo yaleyale.

Simu yangu iliita, alikuwa yeye. Mama akaweka mkono juu ya goti langu, akalibana. Nikapokea, nikamwamkia. Aliuliza habari za mgonjwa. Nikamwambia tunaelekea hospitali, na alipouliza kumetokea nini, nilimweleza kuhusu chai, mwanzo hadi mwisho, nikamwomba awapigie wote aliowapa.

Mama aliuondoa mkono wake gotini pangu, akajifunga kanga vizuri, akageukia barabara.