Pumzi Fupi

Mtunza stoo wa hospitali yetu ndiye aliyempa dada yangu jina la Pumzi Fupi, na mpaka leo nikilisikia damu inanichemka. Dada alikuwa ametoka kuugua mapafu. Alirudi kazini kwetu, chumba cha kufulia, mashine ya pasi na mvuke wake vikiwa vinamngoja palepale. Siku moja alipandisha furushi la mashuka wodini, akakwama katikati ya ngazi, akakaa chini mkono kifuani. Mtunza stoo akapita. Badala ya kumpokea mzigo akamtungia jina, na kufikia mchana hata wapishi walikuwa wanamwita hivyo.

Mimi ningemrushia ndoo. Dada alitabasamu tu, jambo lililoniudhi zaidi. Tumetoka tumbo moja, lakini hasira yote nimebeba mimi.

Ndipo akaanza kukimbia. Nasema kukimbia kwa kumstahi, maana watu waliotumwa mkate walimpita wakitembea. Nesi wa wodi ya mapafu alikuwa amemwambia akimbie kwa mwendo wa kuweza kuongea. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Basi dada akaongea. Alfajiri mimi namfuata kwa baiskeli, yeye ananisimulia bei za sokoni, anamgombeza mbwa wa jirani, anafukua mambo ya shangazi zetu ambayo afadhali nisingeyajua. Mwendo hakuuongeza. Aliongeza umbali, kidogo kidogo: kwanza kituo cha mafuta, kisha darajani, miezi ikapita akavuka ng'ambo. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye na mwendo wake uleule wa kuchosha macho. Ikafika siku akapanda ngazi za wodi na furushi lake huku ananiuliza jioni tutapika nini.

Kila mwaka hospitali hupeleka timu kwenye mbio ndefu za mji, na anayechagua wakimbiaji ni huyohuyo mtunza stoo, kwa kuwa yeye ndiye anayetunza jezi. Sababu nyingine hakuna, nimeuliza. Dada si mtu wa kutaka vitu, lakini jezi ile aliitaka. Alitaka kuivaa mbele ya walewale waliomcheka.

Kipimo cha mtunza stoo ni kimoja: mzunguko wa ukuta wa hospitali, mbio za kufa mtu. Asiyetapika, kwake huyo hajafanya mazoezi. Siku ya majaribio dada alimaliza wa mwisho, anapumua vizuri, na kupumua vizuri kukawa kosa lake.

"Pumzi Fupi, rudi kwenye pasi zako," alimwambia mbele ya watu wote. "Hapa hatusindikizi harusi."

"Sawa, kaka," dada akasema.

Sawa! Njia nzima ya kurudi nyumbani nililia kwa hasira. "Mbona humjibu mtu huyu?" nikamuuliza. "Unamwogopa nini?"

"Nitajiandikisha mwenyewe," akasema. "Barabara haiko stoo."

Siku ya mbio alivaa blauzi ya kazini, ile yenye doa la dawa ya kufulia. Timu ya hospitali ilitoka nduki, mtunza stoo mbele, kifua kakitunisha. Mimi nilifuata pembeni na baiskeli, nikawaokota kwa macho mmoja mmoja: dereva wa gari la wagonjwa kajilaza kwenye nyasi, mpishi kashika mbavu, karani anatapika mtaroni, sasa ndiyo kafanya mazoezi kweli. Mtunza stoo mwenyewe aliishia darajani, akapanda pikipiki ya watu mpaka karibu na mwisho. Alikuwa na lake. Timu isiyofikisha hata mtu mmoja huondolewa kwenye mbio za mwaka unaofuata, na mganga mkuu angemtaka yeye maelezo.

Dada akatokea kwenye kona na mwendo wake. Mtunza stoo akamrukia ubavuni, akawa anakimbia naye, jezi ya akiba mkononi.

"Dada yangu," akamwita, leo amekuwa dada yake, "vaa hii upesi utuokoe."

Dada hakupunguza wala hakuongeza. Akaanza kusema, kwa sauti ileile ya bei za sokoni.

"Siku ile kwenye ngazi mikono yako ilikuwa mitupu. Ulinikuta sipati hewa, ukacheka, ukaenda kunitangaza jikoni. Usiku ule nilidhani nakufa, na nikafikiri watanizika kwa jina ulilonitungia. Halafu ukanifukuza mbele ya watu. Sikukujibu, ukaona sina la kusema. Ninalo, kaka, tena sijafika hata katikati."

"Sikiliza..." akasema mtunza stoo, asifike mbali zaidi ya hapo. Alijaribu tena, kikatoka kikohozi. Watu wa pembeni wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeng'ang'ania usukani wa baiskeli, kwa maana sikuwahi kujua kwamba hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Mtunza stoo akasimama, mikono magotini, jezi imeanguka vumbini. Dada akageuza shingo kidogo ili yule aliyebaki nyuma aendelee kumsikia, akazidi kumwambia, sentensi nzima nzima, mpaka akavuka mstari.