Shimo la Mkulo

Nilipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, wifi yangu alikuja asubuhi akanikuta nimekaa kitandani, nimevaa, sina ninachofanya. Hakunipa pole. Alisema, "Twende msituni. Wanataka watu wa kujitolea, na wewe una mikono."

Sikumuuliza ni kazi gani. Angeniambia twende Mombo kwa miguu, nadhani ningekwenda.

Hifadhi ipo juu ya kijiji chetu, mwendo wa saa moja kupanda. Aliyetupokea alikuwa askari wa misitu, binti mrefu kutoka Tanga, ambaye alikuwa bado hajaizoea baridi ya Lushoto. Alivaa makoti mawili. Alitupa shikamoo sote, akatugawia mapanga na majembe, akatuonyesha njia za wageni zilizozibwa na miti iliyoanguka masika. Basi tukawa tunakwenda Jumanne na Jumamosi, wanawake sita na wazee wawili. Tunafyeka, tunazibua mifereji, tunamwagilia miche kwenye kitalu.

Wenzangu walisema msitu unaniponya. Siwezi kusema hivyo. Mbega waliruka juu ya vichwa vyetu, mikia yao myeupe, wageni wakapiga picha na kuguna kwa furaha, nami niliangalia kama mtu anayetazama nguo za jirani zikianikwa. Nilifyeka. Nikichoka nilikaa. Wakisema twende, nilinyanyuka.

Jumamosi moja askari alitupeleka mbali zaidi, kwenye njia ya zamani aliyotaka tuifungue. Tulipofika kwenye mteremko, wifi yangu aliyekuwa mbele alisimama ghafla. Kulikuwa na shimo refu, kina cha mtu na zaidi, limejaa majani. Juu yake magogo mawili yaliyooza yalikuwa yamelazwa kukingama. Kando yake kisiki cha mkulo, mti wa kamfa, kipana kuliko meza ya kulia chakula.

"Hapa ndipo walipokuwa wakipasulia mbao za wizi," askari alisema. "Mti wa miaka mingi kiasi gani huu! Watu wale hawakuwa na huruma kabisa."

Wazee wetu wawili walitazama miguu yao. Wifi yangu alinitazama mimi.

Nikasema, "Mmoja wao alikuwa mume wangu."

Ni kweli. Kabla ya kulima kabichi, kabla hata hatujapata mtoto wa pili, mume wangu alipasua mbao msituni. Alinieleza mara nyingi. Gogo linaviringishwa juu ya shimo, linapigwa uzi uliochovywa kwenye masizi ili msumeno usipotee njia. Mmoja anasimama juu, mwenzake chini, na wa chini ndiye anayekula unga wa mbao siku nzima. Yeye alikuwa wa chini. Alikuwa akirudi na macho mekundu, ananuka kamfa, nami nilimwosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Mbao za paa la nyumba ninayolala zilitoka huku.

Yule askari alishika mdomo. "Samahani, mama. Sikujua."

"Huna kosa. Alikata kweli."

Kisha mzee mmoja akasema kwa Kishambaa kwamba mashimo yalikuwa mengi wakati huo, na kwamba watoto walikuwa wanakula. Askari hakuelewa, na hakuna aliyemtafsiria.

Askari akasema shimo lazima lifukiwe, wageni wasije wakatumbukia. Lakini kwanza majani yatolewe. Nikasema nitashuka mimi. Wifi yangu akanishika mkono, nikautoa, nikateremka kwa kushika mizizi.

Chini kulikuwa na giza kidogo na ubaridi. Nilisimama pale aliposimama yeye. Nikangoja. Siku ya mazishi watu waliniambia, kilio kitakuja chenyewe, usikilazimishe. Nilifikiri, kama kitakuja, ni hapa. Nikanusa udongo. Harufu ya kamfa haikuwapo tena. Juu niliona vichwa vyao vimeinama, na nyuma yao matawi. Halikuja chozi. Mgongo uliniuma. Nikaanza kujaza majani kwenye karai.

Aliyelia ni wifi yangu, huko juu, kwa sauti. Marehemu alikuwa kaka yake. Nilimsikia nikaendelea kupokea karai na kulirudisha.

Tulifukia shimo kwa Jumamosi mbili, tukapanda miche minne ya mkulo kutoka kitaluni. Miwili ilishika. Mkulo hauna haraka, hakuna kati yetu atakayekaa kivulini mwake.

Siku hizi askari hunituma niwatembeze wanafunzi, kwa kuwa najua njia na sipigi kelele. Mwezi uliopita walikuja wasichana wa sekondari, sare zao zimelowa ukungu mpaka magotini. Tulipofika pale kwenye kisiki, mmoja akauliza nani aliukata mti huu.

"Mume wangu," nikasema. "Yeye na mwenzake."

Wakaandika kwenye madaftari yao. Yule msichana akanyanyua kalamu. "Shikamoo mama, samahani. Alikuwa mtu mbaya?"

"Marahaba. Hapana. Alikuwa mpole."

Akaandika hilo pia. Mwalimu wao akasema muda umekwenda, gari linasubiri, wakaanza kuteremka wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi.