Bomba Lililogeuka Njia

Mjomba wangu ni fundi bomba wa idara ya maji kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Kila Jumatatu na Alhamisi hupanda kilima kutoka kwenye tangi la mji hadi chemchemi, akilifuata bomba kuu hatua kwa hatua, spana begani, akisikiliza kama kuna mahali linavuja. Hakuna anayekijua kilima kile kama yeye. Wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

Aliyekuwa akiulizwa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, kinyozi ambaye hata chumvi ya duka la jirani hutuma mtu. Kiti chake kikikosa mteja, kinyozi hufungua simu. Katika tovuti moja ambako watu hutafuta njia za kutembea milimani na kuzipa nyota, aliweka njia ya kilima chetu akaiita Njia ya Kinyozi. Baada ya mwezi mmoja ilikuwa na nyota mia mbili, na wageni wenye mabegi mgongoni wakawa wanamuulizia kibandani.

"Mimi nimeota sugu za visigino pale juu," mjomba aliniambia, "yeye ameota sugu ya kidole gumba. Nani kapewa nyota?"

Jumatano jioni nilikuwa nyumbani kwa mjomba. Mkewe alimsogezea simu mezani. "Jumamosi tunapanda na mdogo wangu. Wageni thelathini! Njia yenyewe hii hapa."

Mjomba aliitazama kwa dharau, akaivuta picha karibu. Mkewe alipoingia jikoni, aliniinamia.

"Huyu kafika nusu ya kilima tu. Huku juu kachora kwa kutazama picha ya setilaiti. Huu mstari mweupe alioufuata si njia. Ni bomba langu, linavuka korongo juu ya nguzo."

"Basi mwambie, mjomba."

"Nimwambie? Akanyoe! Watafika korongoni, watasimama, watamgeukia wote thelathini. Nyota zitapukutika kama nywele."

Siri hiyo aliitunza siku mbili kama pipi shavuni. Nilimsihi tena Alhamisi, akaniambia nisimharibie Jumamosi yake.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilipopita jioni, mkewe alikuwa anafunga kamba mpya za viatu.

"Mdogo wangu anataka nitangulie, anipige picha nikivuka."

"Ukivuka wapi?" mjomba aliuliza.

"Kuna kidaraja chembamba kule juu. Anasema picha zake zitatia fora."

Mjomba aliweka kikombe chini. Alinyoosha mkono nimpe simu yangu, akaandika kwa kidole kimoja sehemu ya maoni, chini ya njia ya shemeji yake: "Pale si daraja, ni bomba, na likilowa linateleza. Ukifika kwenye kichemba cha vali, kile kisanduku cha zege, kata kushoto, zunguka korongo. Dakika ishirini. Fundi."

Kinyozi alijibu papo hapo: "Asante sana shem, nimerekebisha!"

Jumamosi walipanda wote, wakarudi wote, matope hadi magotini. Jumapili mkewe alitusomea maoni ya wageni kwa furaha. "'Ule mzunguko wa kushoto ndio utamu wa safari. Hongera Kinyozi!' Nyota mia mbili na thelathini!"

"Una kijiba cha roho, mume wangu," aliongeza, alipouona uso wake.

"Ninacho," alisema mjomba. "Tena kikubwa."

Jumatatu alinichukua kilimani nimuwekee njia yake mwenyewe, inayokwenda chemchemi ya pili. Tuliipima hatua kwa hatua, hakuna mstari wa kubuni. Inaitwa Njia ya Fundi, na huichungulia asubuhi na jioni. Hadi leo ina nyota nne: yangu, ya mkewe, na moja aliyojipa mwenyewe. Ya nne ilitoka kwa kinyozi, na hiyo ndiyo inayomuuma kuliko zote.